Mwaka wa Sakafu Mbichi

Habari za kifo cha Mama Skolastika zilinikuta Mjimwema, nimekaa kibarazani nashona vifungo vya shati la mteja. Aliyepiga simu ni mjukuu wake, na alizungumza haraka kama mtu mwenye wengine arobaini wa kuwapigia: bibi amefariki, mazishi kesho saa nane, ibada itakuwa kanisa la zamani, Maposeni, na kamati inakuomba mama upige kinanda kama utaweza. Nikamwuliza kinanda kipi. Akashangaa. "Kwani vipo vingapi, mama?" Nilicheka peke yangu, shati la mtu likiwa mapajani, halafu nikalia, halafu nikamaliza vifungo, maana mteja anaitaka nguo yake hata kama umefiwa. Vipo viwili, nilitaka kumwambia. Kimoja kililetwa kwa lori na kupigiwa makofi. Kingine tulikilinda sisi wanawake kwa ndoo na matambara, mwaka ambao kila kitu cha zamani kilikuwa kikiondolewa njiani, na mpaka leo sijaona aibu kwa namna tulivyokilinda.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ulikuwa mwaka wa maneno mapya. Watu walikuwa wanasema soko huria na vyama vingi kwa sauti ile ile waliyotumia kutaja jina la mgeni ambaye hawajajua kama atalala au atapita tu. Maduka ya Songea mjini, ambayo utoto wangu wote niliyajua kwa rafu tupu na mwenye duka anayesinzia, yalianza kujaa sabuni za rangi, redio kaseti, sweta za mitumba zenye majina ya shule za nchi za baridi. Zamani mahindi yetu yalikuwa na mnunuzi mmoja, wa serikali, na ukichelewa unakula mwenyewe. Mwaka ule malori ya watu binafsi yalianza kupanda hadi uani, na lori la kwanza kupanda lilikuwa la Longino, mtu wa pale pale, mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Lori lile lilibeba wagonjwa na wajawazito usiku na mchana bila yeye kuomba chochote. Lakini alikuwa na ugonjwa wa watu wengi wa mwaka ule: akiona kitu cha zamani, mkono ulimwasha.

Kanisa lenyewe lilijengwa na wamisionari wa kwanza baada ya vita vya Majimaji, kwa matofali mekundu yaliyochomwa hapo hapo bondeni. Kuta zake ni nene kiasi kwamba dirishani anaweza kukaa mtoto na miguu isining'inie. Dari iko juu sana, na sauti ikiingia humo haitoki haraka. Ukipiga chafya karibu na altare, walioko mlangoni wanaisikia wewe umeshafuta pua. Mapadre wageni walilalamika kwamba mahubiri yao yanawarudia kabla hawajayamaliza. Mimi nililipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kushoto, chini ya dirisha, kilikaa kinanda cha zamani, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi, cha mbao nyeusi, chenye harufu ya vumbi na nta. Nilifundishwa na sista mmoja mzee aliyerudi kwao kufa, na baada yake hakuna aliyekigusa ila mimi. Kilikuwa na kasoro moja. Sauti moja ya chini, upande wa kushoto, ilinasa. Ukiigusa mara moja haiachii, inaendelea kunguruma kadiri unavyokanyaga, kama mzee aliyeanza hadithi. Siku za misa niliizuia kwa kitana changu cha nywele, nakichomeka chini ya kile kibao ili kisishuke. Jumamosi nilikichomoa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya usafi. Kila jumuiya ilikuwa na zamu yake, na usafi ulifanywa na wanawake, chini ya Mama Skolastika, ambaye alikuwa mwembamba, mrefu, mkali, na ndiye aliyetunza ufunguo. Walibeba maji kichwani kutoka bondeni, wakadeki kwa matambara ya magunia, wakiwa wamepiga magoti, kuanzia altare kurudi mlangoni. Kuongea ndani ya kanisa ilikuwa marufuku tangu enzi za masista. Kwa hiyo walivuma. Midomo imefungwa, sauti inatoka kifuani na puani, na kazi yote ilikwenda kwa sauti hiyo. Aliyetaka maji aliipandisha kidogo, na mwenye ndoo alimjua alipo bila kugeuka. Wanaohamisha benchi waliishusha wote pamoja, wakanyanyua. Aliyechoka alinyamaza, na jirani yake akaongeza sauti kumfichia. Haikuwa wimbo. Haikuwa na mwanzo wala mapigo. Maneno yaliyoruhusiwa yalikuwa mawili tu, na yalisemwa kwa mtu yeyote aliyetaka kuingia kabla sakafu haijakauka: "Sakafu mbichi." Hapo unasimama. Padre mwenyewe alishawahi kusimama nje na kanzu yake mkononi, jua linamchoma upara, akisubiri. Sakafu mbichi haikukanyagwa na mtu, na sababu haikuulizwa.

Mimi nilikuwa nikikaa kinandani nafanya mazoezi ya Jumapili, na siku moja, nikiwa nimechoka, niliiacha ile sauti ya chini ingurume peke yake. Nikashangaa. Wanawake waliishika. Wale ishirini waliokuwa wametawanyika sakafuni, kila mmoja na lake, walihamia juu ya sauti ile kama kuku wanavyohamia penye jua. Nikaongeza sauti nyingine juu yake, nikaishikilia. Nikasubiri mwangwi ukamilike, nikaongeza ya tatu. Hakuna aliyeinua kichwa. Tulikwenda hivyo mpaka mlangoni, na tulipotoka nje kukamua matambara, Mama Skolastika hakunitazama. Alisema tu, "Jumamosi ijayo usichelewe." Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo maishani mwangu, na nimeishi miaka mingi.

Taarifa ilikuja siku ya mkutano wa walei. Longino alisimama akiwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, akasema kanisa limepata kinanda cha umeme, kina ngoma ndani, kina tarumbeta ndani, kina sauti mia moja, na jenereta lake. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kisha akasema kitafika Jumamosi ya tatu kutoka hiyo, na lori lile lile litakalokishusha litaondoka na kile kibovu, maana kuna fundi mjini anazitaka mbao zake atengenezee kabati la vyombo. Mikono yangu ilibaki hewani. Nilikiona kinanda kikiwa na sahani ndani yake.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Skolastika. Jikoni kwake kulikuwa na kiti kimoja na mafiga matatu, na paa jeusi kwa moshi kama ndani ya chungu. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Tulikula magimbi kwa dagaa wa Nyasa, tukanywa togwa, na aliniacha nilalamike mpaka bakuli likaisha.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Wewe unalilia kinanda. Mimi nalilia nini, unajua? Kile cha umeme kitakuwa na jenereta pale nje linanguruma. Tutavumaje? Nitamwitaje mtu wa maji? Kwa filimbi kama refa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hawajawahi kusikia," alisema. "Wanaume wanaingia sakafu ikishakauka. Ndiyo maana wanapiga makofi. Tuombe saa moja tu, watu waje, wasikie. Wakishasikia, waking'oe kama wana moyo huo."

Basi tukaomba. Kulikuwa na sharti. Mwaka ule kwaya moja ya kigango jirani iliimba wimbo wa mavuno, na watu wa benchi za nyuma wakasikia ndani yake sifa za chama kipya, ukazuka ugomvi hadi nje. Tangu hapo, kitu chochote kitakachosikika kanisani nje ya misa, maneno yake yaandikwe, yaletwe kwa kamati, nakala tatu. Nilikaa na karatasi usiku mzima. Asubuhi tulikwenda nayo ikiwa na kichwa tu: Onesho la kinanda cha zamani pamoja na akina mama wa usafi. Chini yake hakukuwa na kitu. Longino aliigeuza, akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Maneno yako wapi, Bena?"

"Hayapo, mwenyekiti."

"Mmesahau nyumbani?"

"Hayapo kabisa. Ni sauti tu."

Aliiweka mezani, akailainisha kwa kiganja. "Sikiliza, dada yangu. Mimi ni mtu wa mahindi. Mtu akiniletea gunia limeshonwa mdomo, silipokei mpaka nitie mkono ndani. Sasa ninyi mnaniletea saa nzima ya sauti na hakuna pa kutia mkono. Nitajuaje mnasema nini?"

"Hatusemi, baba," alisema Mama Skolastika. "Tunadeki."

Katibu alicheka, akajifanya anakohoa. Longino alikuwa mtu wa kupenda watu wacheke, na nadhani ndipo alipokosea. Aliegemea kiti. "Basi mkadeki. Nani kawakataza? Onesho hapana. Kudeki, dekini mpaka mchoke."

Nje nilianza kulia. Mama Skolastika alinishika kiwiko kwa vidole vyake vigumu, akanivuta mbali na dirisha.

"Umesikia alivyosema?"

"Amekataa, mama."

"Hujasikia," akasema, akatangulia mbele.

Siku kumi na saba zilizofuata alizitumia kwenye mashine ya kusaga na kisimani. Hakuwaambia watu waje kusikiliza, maana hilo lilikataliwa. Aliwaambia Jumamosi ya kinanda kipya kanisa linatakiwa ling'ae, jumuiya zote sita zije kwa pamoja, na yeyote mwingine anayependa, wa hapa au wa Ruhuwiko, aje na tambara lake. Mama Zainabu, jirani yetu aliyeswali msikiti wa sokoni, alimwuliza kama yeye anahusika. "Una ndoo?" "Ninayo." "Basi unahusika. Wewe utachukua ngazi za nje." Alizichukua kweli, na alivuma kuliko wote.

Walikuja kabla jua halijapanda mti. Sikuwahesabu. Najua tu kwamba wazee wa kiume waliokuja kwa udadisi walipewa ufagio mlangoni kabla hawajauliza, na wakaukubali, kwa sababu Mama Skolastika alikuwa na uso ambao haukuulizwa. Mabenchi yalisogezwa ukutani. Maji yalimwagwa. Nilichomoa kitana, nikakiweka kwenye nywele, nikakanyaga.

Ile sauti ya chini ilishuka sakafuni kwanza, ndivyo nilivyoihisi, kama ng'ombe anayelala. Kwa muda hakukuwa na kingine, yenyewe na maji. Matambara yalianza kwenda na kurudi, si kwa pamoja, kila goti na mwendo wake, na humo ndani ndimo mvumo ulimozaliwa, hapa mmoja, pale wawili, mpaka sikujua tena upi ni wa kinanda na upi ni wa watu. Niliongeza sauti moja, nikaisubiri iende mpaka mlangoni irudi. Nikaongeza nyingine. Mtu alitaka maji upande wa kulia, sauti yake ikapanda nyembamba, ikakaa juu yetu mpaka ndoo ilipomfikia, ikashuka. Bati la paa lilipata joto, likawa linalia tik, tik. Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala kwenye maji, na kila tambara lilipopita uliharibika na kujitengeneza upya. Nimesikia muziki mwingi tangu siku ile, wa kulipia na wa bure. Sijasikia tena watu kama mia wakikubaliana bila mmoja wao kufungua mdomo.

Lori lilifika tukiwa katikati ya kanisa. Injini ikazimwa. Longino alitokea mlangoni na wapagazi wanne, na nyuma yao kinanda kipya ndani ya boksi lake jeupe. Alituona. Aliona wageni, aliona wazee wenye mifagio, akaelewa kila kitu, na uso wake ukavimba. Akainua mguu.

Aliyekuwa amepiga magoti karibu na mlango alikuwa mama yake mzazi, Bibi Otilia, tambara mkononi. Hakuinua kichwa. Alilipitisha tambara taratibu mbele ya kiatu cha mwanawe, pakang'aa, akasema, "Sakafu mbichi."

Mguu ulibaki juu. Nilimwona vizuri, kinanda kilielekea mlangoni. Mtu yule alishawaambia wakubwa wa mjini maneno makali, alishavuka mito imefurika, na mbele ya kipande cha saruji chenye maji alisimama kama mtoto wa miaka sita. Akaurudisha mguu. Akavua kofia. Na wapagazi wakavua. Na sisi hatukumaliza. Kila tulipofika mlangoni, Mama Skolastika alirudi altareni na ndoo nyingine. Mashavu ya miguu yangu yaliwaka moto, baadaye yakafa ganzi, nikaendelea kukanyaga kwa mapaja. Longino alikaa kwenye ngazi. Baada ya muda mrefu nilimwona mpagazi mmoja, kijana mwenye vumbi la pumba kwenye nyusi, amefumba macho, na koo lake linatetemeka. Alikuwa anavuma.

Alasiri ndipo Longino aliposema, kwa sauti ya mtu aliyesinzia, "Nitarudi Jumatatu." Jumatatu alikuta jumuiya ya kwanza inadeki. Jumanne, ya pili. Juma zima sakafu ile haikukauka, na rangi nyekundu ya saruji yake ilianza kubaki mikononi mwetu. Jumapili padre alisali akiwa amesimama kwenye mkeka, akasema mwaka huu amepata waumini wasafi kuliko wote jimboni, akaendelea na mahubiri. Juma la pili mahindi ya Namtumbo yalikuwa yanasubiri lori, na lori likaenda. Kinanda kipya kiliwekwa kulia. Cha zamani kikabaki kushoto, chini ya dirisha lake.

Sisemi tulishinda kila kitu. Kamati iliniondoa kwenye zamu ya kupiga kinanda misani, kwa barua yenye nakala tatu. Nafasi ilichukuliwa na mpwa wa Longino, ambaye alijua kubonyeza ngoma ikajipiga yenyewe huku yeye akitazama wasichana. Waliniita mkaidi, wakasema mwanamke mwenye kichwa hicho hataolewa, na kabla mwaka haujaisha nilihamia Mjimwema kujifunza cherehani. Kuna usiku nilijiuliza kama nilibadilisha maisha yangu kwa kipande cha mbao. Nimelijibu swali hilo mara nyingi na jibu halibadiliki. Ningekipigania tena, na safari hii nisingeomba ruhusa kwanza.

Jana nilifika Maposeni mapema. Kanisa lina spika kubwa sasa, na kamera mbele ya altare, kwa ajili ya ndugu walioko mbali. Kinanda changu kipo. Panya wamekula ngozi yake ya ndani, sauti nyingi zimekufa. Nilikanyaga, nikagusa ile ya chini. Ikanasa, ikanguruma. Kijana wa kamati alinijia mbio na karatasi ya ratiba.

"Shikamoo mama. Kipengele chako tukiandikeje? Baada ya komunyo kuna dakika nne."

"Marahaba. Andika usafi."

"Usafi?"

"Usafi wa kanisa, mwanangu. Andika hivyo hivyo."

Baada ya komunyo niliweka miguu kwenye kanyagio. Wale wa enzi zetu waliobaki ni saba. Walisimama kutoka benchi mbalimbali, mmoja akisaidiwa na binti yake, na nilipoona ndoo zimeshawekwa nyuma ya nguzo nilijua kwamba hawakuwa wamengoja niwaambie. Wakapiga magoti kuzunguka jeneza. Wakamwaga maji. Mabinti zao waliwatazama kwanza, kisha wakavua viatu. Dakika nne zilipita, na nyingine nne. Mvumo ulipanda ukutani, ukazunguka dari, na Mama Skolastika alikuwa katikati ya maji yale yanayong'aa, kavu, hakuna wa kumfikia. Saa nane ilipita. Kijana wa ratiba alitazama simu yake, akawaashiria wabebaji, akatangulia mbele yao.

Mwisho wa benchi, karibu na njia, alikaa mzee mwenye kofia mapajani. Sikuwa nimemtambua Longino mpaka aliponyoosha fimbo yake na kuilaza chini, mbele ya kiatu cha kijana.

"Sakafu mbichi," alisema.

Kijana akasimama. Nikaendelea kukanyaga.